Mji Uliopambwa kwa Ajili ya Mgeni

Kaskazini ya Prague, mwendo wa kilomita kama 60, uko mji mdogo wa ngome uitwao Terezín. Kaisari Josef wa Pili aliujenga mwishoni mwa karne ya 18 na kuupa jina la mama yake, Maria Theresa. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, askari na raia wake kwa pamoja walikuwa kama 7,000. Novemba 1941 Wanazi waliugeuza kuwa geto la Wayahudi, na ilipofika Septemba 1942 zaidi ya watu 50,000 walikuwa wamebanana ndani ya kuta zilezile. Wazee kutoka Ujerumani, ambao baadhi yao walikuwa wametozwa fedha kwa ahadi ya kupewa makao ya kutunziwa uzeeni, walilazwa darini juu ya vumbi. Watu wapatao 33,000 walifia palepale kwa njaa na maradhi. Wengine kama 88,000 walipakiwa kwenye treni za kwenda mashariki, na waliorudi ni wachache mno.

Mji huohuo, mwaka 1944, ulipigwa filamu ya kuuonyesha ulimwengu kwamba Wayahudi wanaishi raha mustarehe. Nausimulia mkasa wake kwa ajili ya kila anayebeba kamera kwenda kurekodi maisha ya raia vitani. Sehemu kubwa ya uovu ule ilifanywa na wauaji, na hilo halina mjadala. Lakini ipo sehemu iliyofanywa na mtu msomi, mpole, asiyemchukia mtu, ambaye aliona alichoonyeshwa akaridhika. Sehemu hiyo ndiyo inayonitia hofu, kwa kuwa ndiyo inayotuhusu.

Mambo yalianzia Denmark. Oktoba 1943 Wajerumani walianza kuwakamata Wayahudi wa nchi hiyo. Wengi walivushwa bahari na majirani zao kwenda Sweden, ila kama 470 walishikwa na kupelekwa Terezín. Denmark haikunyamaza. Iliuliza watu wake wako wapi, wana hali gani, nani amewaona. Ikajibiwa, ikauliza tena. Ikatuma vifurushi vya chakula na kutaka ihakikishiwe kwamba vimefika. Mwisho SS, kikosi cha Wanazi kilicholitawala geto, wakaona heri wakubali kumleta mgeni, lakini kwa siku watakayoichagua wao, na baada ya mji kutengenezwa.

Walipunguza watu. Katikati ya Mei 1944, watu 7,503 walipelekwa kwenye kambi ya mauaji ya Auschwitz ili mgeni asiukute mji umefurika. Zikaja pia rangi na maua. Nyumba za upande ambao msafara ungepita zilipakwa chokaa, bustani zikapandwa mawaridi, ukajengwa ukumbi wa wazi wa wapiga muziki na uwanja wa watoto wenye pembea. Mitaa iliyokuwa ikiitwa kwa herufi na namba ikapewa majina ya kupendeza. Zilikuwapo pia noti zenye sura ya Nabii Musa, ingawa hazikuwa na cha kununua. Walionusurika walisimulia kwamba watoto walifundishwa kumkimbilia kamanda wa SS, Karl Rahm, na kumuuliza kwa kudeka, “Mjomba, leo tena samaki wa kopo?”, kana kwamba walikuwa wamewachoka.

Tarehe 23 Juni 1944 mgeni akaingia. Alikuwa Maurice Rossel, daktari kijana kutoka Uswisi, mjumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, akiwa na maofisa wawili wa Denmark. Maofisa wa SS waliongozana nao muda wote. Paul Eppstein, kiongozi wa baraza la Wayahudi, alivalishwa vizuri, akapewa gari na dereva, na kujulishwa kwa wageni kama meya wa mji. Dereva alikuwa mtu wa SS. Wageni walipitishwa kwenye njia iliyokwishapangwa kona kwa kona: hapa mkate mpya unashushwa, pale watoto wanaimba, kule vijana wanacheza mpira na goli linafungwa. Rossel alikuwa na kamera yake, na alipiga picha.

Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja, akala, akazunguka, akaaga, na wenyeji hawakupona.

Katika ripoti yake Rossel alieleza kwamba amekuta mji wenye maisha yanayokaribia ya kawaida. Akaongeza jambo zito kuliko yote: kwamba Terezín ni mwisho wa safari, na aliyefika pale hapelekwi kwingine. Siku ile alipoondoka, makumi ya maelfu walikuwa wamekwishapelekwa kwingine. Hakuhitaji ujasiri wa kijasusi kulijua hilo. Angeweza kuomba kuona daftari la walioingia na waliotoka, akajumlisha na kutoa. Angenyimwa daftari, basi kunyimwa kwenyewe kungestahili mstari katika ripoti. Angeweza kuomba kupinda kona moja isiyokuwa kwenye ratiba, au kukaa na mtu mmoja faraghani, au walau kuandika wazi kwamba hakuruhusiwa kukaa na mtu faraghani.

Ripoti ile ilikuwa na bei. Wakati huo ndani ya Auschwitz-Birkenau kulikuwa na sehemu iliyotengwa kwa ajili ya familia zilizotoka Terezín. Wake na waume waliwekwa kambi moja, watoto hawakunyolewa nywele, na waliagizwa kuandika kadi za posta kusema hawajambo. Wanahistoria wengi wanaamini sehemu ile iliwekwa kwa sababu SS walitarajia huenda Msalaba Mwekundu ungetaka kwenda kuitazama pia. Rossel aliporidhika na Terezín, safari ya pili haikuwa na haja tena. Kati ya tarehe 10 na 12 Julai 1944, hata wiki tatu hazijatimia baada ya ziara, kambi ile ya familia ilifungwa na zaidi ya watu 6,000 wakauawa kwa gesi.

SS walikuwa wameonja mafanikio, na sasa waligeukia filamu. Kwa kuwa mji ulikwishapambwa, ilibaki kupata mwongozaji, naye alikuwepo ndani ya geto. Kurt Gerron, Myahudi wa Berlin, alikuwa nyota kabla ya Hitler kushika nchi. Alicheza pamoja na Marlene Dietrich katika filamu *Der blaue Engel* ya mwaka 1930, na alikuwa mmoja wa waigizaji wa kwanza wa mchezo wa muziki *Die Dreigroschenoper* mwaka 1928. Alikimbilia Ufaransa, kisha Uholanzi, akakamatwa, na mwanzoni mwa 1944 akafikishwa Terezín na mkewe Olga. Akaamriwa aongoze filamu. Wafungwa wenzake, baadhi yao, walimlaumu kwa kuifanya kazi ile kwa bidii. Mimi simlaumu. Mtu aliyewekewa bunduki kisogoni pamoja na mkewe hawezi kuhukumiwa na mtu aliyekaa salama kwenye kiti, na nadhani yeyote anayefundisha upigaji filamu awaambie wanafunzi wake hivyo tangu siku ya kwanza.

Upigaji ulianza tarehe 16 Agosti 1944 na kuisha tarehe 11 Septemba, ukifanywa na mafundi wa kampuni ya filamu ya Prague chini ya macho ya SS. Vipande vilivyosalia, jumla yake kama dakika 20, vinaweza kutazamwa hadi leo. Ndani yake utaona mpira ukichezwa uani kwenye kambi ya zamani ya jeshi, watazamaji wamejaa kwenye roshani za ghorofa zote. Utaona wasichana wakimwagilia mboga, mafundi viatu, maktaba, mhadhara wa profesa. Utaona watoto wakiimba mwisho wa *Brundibár*, opera ya Hans Krása. Utamwona Karel Ančerl akiongoza okestra, kisha mtunzi wa muziki wenyewe, Pavel Haas, akisimama na kuinama kwa heshima huku akipigiwa makofi.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Wala si kwamba kila kitu kilikuwa cha kubuni. Okestra ilikuwa okestra kweli, na watu wale walikuwa wanamuziki wa daraja la juu. Watoto waliipenda opera ile, na waliicheza mara nyingi pasipo kamera, kwa sababu iliwapa saa moja ya kuwa watoto. Maktaba ilikuwepo. Hapo ndipo ulipo ubaya wa filamu ile, na ndipo mwanafunzi anapotakiwa kutulia afikiri. Uongo wake haukukaa ndani ya picha moja moja. Ulikaa katika kile kilichokatazwa kuonekana: dari walikolala wazee, mikokoteni ya maiti, na reli.

Reli haikungoja. Paul Eppstein, yule “meya”, alipigwa risasi mwishoni mwa Septemba. Kuanzia tarehe 28 Septemba hadi 28 Oktoba 1944, treni 11 ziliondoka Terezín kwenda Auschwitz zikiwa na zaidi ya watu 18,000. Haas alikuwamo. Krása alikuwamo. Walikuwamo watoto wengi wa kwaya, na wengi wa wale waliokuwa wakishangilia goli. Gerron na Olga waliwekwa kwenye msafara wa mwisho kabisa, wakauawa walipofika. Hakuruhusiwa kuihariri filamu yake wala hakuiona imekamilika. Ilimalizwa Prague mwezi Machi 1945, bila yeye, na ikaonyeshwa kwa wageni wachache mwezi Aprili. Vita vikaisha. Ančerl alinusurika, lakini mkewe na mtoto wao hawakunusurika.

Na wale Wadenmark? Nchi yao iliendelea kuwaulizia, na hawakupelekwa Auschwitz. Kama 50 kati yao walifia getoni, lakini wengine walichukuliwa kwa mabasi Aprili 1945 wakarudishwa kupitia Sweden. Geto moja, wauaji walewale, ila kundi moja lilikuwa na watu nje ambao hawakuchoka kuuliza.

Mwaka 1979 mwongozaji wa Ufaransa, Claude Lanzmann, alipokuwa akikusanya ushahidi wa filamu yake kubwa, *Shoah*, alikwenda kumhoji Rossel nyumbani kwake. Mahojiano yale hayakuingia katika *Shoah*, yakatoka kama filamu ya peke yake mwaka 1997. Ni filamu ya watu wawili wamekaa chumbani wakizungumza, nayo inatisha kuliko filamu nyingi zenye milipuko. Rossel hakuonekana mtu katili. Alieleza kwamba alikuwa amengoja ishara. Alitegemea mfungwa mmoja amkonyeze, au amtilie karatasi mkononi, au amnong’oneze neno. Hakuna aliyefanya hivyo, basi akaona hakuna la kuandika. Aliwaona kama watu wenye uwezo waliojinunulia nafasi nzuri, na ukimya wao ulimkera. Na baada ya kuelezwa yote yaliyotokea, alisema bado angeitia sahihi ripoti ileile.

Hebu tumsikilize vizuri, kwa maana kila siku kuna mtu anayesema maneno hayo kwa namna yake. Mwandishi wa filamu anafikishwa kijijini na wanajeshi, kwa gari la wanajeshi, na mkalimani waliyemchagua wao. Anamuuliza mama mmoja, mbele ya luteni, kama kuna mtu aliyemdhuru. Mama anasema hapana, tunashukuru, tuko salama. Kamera inarekodi “tuko salama”, na jioni mwandishi anasema nimewauliza wenyewe na wamejibu kwa vinywa vyao. Huyo amefanya alichofanya Rossel. Amemtwika mateka kazi ya kuhatarisha roho yake, halafu mateka aliponyamaza, ukimya ukahesabiwa kuwa ushahidi wa amani. Raia aliye chini ya mwenye silaha hana wajibu wa kukukonyeza. Atabaki pale wewe ukishaondoka, na anajua nani atakayemrudia usiku.

Ipo njia nyingine ya kuuliza, na Marcel Ophüls aliionyesha mwaka 1969 katika *Le Chagrin et la Pitié*, filamu ya zaidi ya saa nne kuhusu mji wa Clermont-Ferrand wakati Ufaransa ilipokaliwa na Wajerumani. Ufaransa ilikuwa imejizoesha kuamini kwamba karibu kila mtu alikuwa mpinzani wa Wanazi. Ophüls alikaa na wakulima, mwenye duka, walimu, ofisa wa zamani wa Ujerumani, akawaacha waseme mpaka wachoke, kisha akauliza swali moja dogo zaidi. Mwenye duka mmoja aliulizwa kuhusu tangazo alilolitoa gazetini enzi zile, kwamba licha ya jina lake yeye si Myahudi. Mzee wa watu akajieleza, akajikuta katikati ya maelezo yake mwenyewe. Hakupigiwa kelele wala hakutukanwa. Televisheni ya taifa ilikataa kuirusha filamu ile mpaka mwaka 1981. Kwangu mimi miaka hiyo 12 ni cheti cha ubora: uovu wa raia wa kawaida ni mgumu kutazamwa na majirani zao kuliko uovu wa jeshi la kigeni.

Nirudi kwa wauaji wenye kamera, kwani kuna funzo moja la kiufundi ambalo Terezín peke yake haitoshi kulifundisha. Mei 1942 kikosi cha wapiga filamu wa Kijerumani kiliingia geto la Warsaw na kupiga picha mwezi mzima. Filamu ile haikukamilishwa. Baada ya vita ilipatikana katika hifadhi za Ujerumani Mashariki, kama saa moja ya picha bila sauti, na kwa miongo mingi vipande vyake vilitumika katika makumbusho na filamu za historia kama kumbukumbu ya kweli ya maisha ya geto. Watu walioumwa na mauaji yale, watu wema kabisa, waliisambaza bila kujua walichokuwa wameshika. Ndani yake mlikuwa na matajiri wanaokula hotelini huku watoto wakifa njaa mlangoni, na wanawake waliovaa vizuri wanaoipita maiti barabarani bila kuitupia jicho. Mtazamaji aliachwa aamue mwenyewe kwamba Wayahudi hawakuoneana huruma, yaani aamue kile hasa ambacho Wanazi walitaka aamue.

Mwaka 1998 ukapatikana mkanda mwingine wa filamu ile ya Warsaw katika kambi ya jeshi la anga la Marekani. Ulikuwa na kama nusu saa ya vipande vilivyotupwa. Mle ndani mtu anaona mpangilio wote: wanawake walewale wakirudishwa nyuma na kuipita maiti ileile mara ya pili na ya tatu, wapiga picha wenyewe wakikatiza mbele ya lenzi, watu wakisukumwa mahali pa kusimama. Mwongozaji wa Israel, Yael Hersonski, aliutumia katika filamu yake ya mwaka 2010. Aliwaketisha manusura wa geto ukumbini wazitazame picha zile, akaweka pembeni shajara ya Adam Czerniaków, mkuu wa baraza la Wayahudi, ambaye nyumba yake iligeuzwa jukwaa la kuigizia. Czerniaków alijiua tarehe 23 Julai 1942, siku moja baada ya kuanza kwa treni za kwenda kambi ya mauaji ya Treblinka. Aliandika alichokiona, kwa hiyo picha ikapata shahidi wa kuipinga.

Kwa upande wetu wa dunia nao ushahidi wa picha umewahi kusimama mahakamani. Aprili 1994, Nick Hughes, mpiga picha Mwingereza, akiwa juu ya jengo mjini Kigali, alirekodi kwa mbali watu wakiuawa barabarani. Ni miongoni mwa picha chache mno za mauaji yenyewe zilizopatikana wakati wa mauaji ya kimbari, na baadaye Hughes alitoa ushahidi Arusha, mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda. Hakuna aliyempangia mahali pa kusimama, na mahakama ilitaka kujua alisimama wapi, lini, na kwa umbali gani. Hata hivyo, dunia ilizitazama picha zile miaka mingi bila kuuliza waliokuwa wamepiga magoti pale ni nani. Majina yalipatikana baadaye, mtu mmoja alipoamua kwenda kuwaulizia mtaani. Walikuwa na ndugu. Ndugu hao walikuwepo wakati wote.

Kwa hiyo nina ombi kwa kijana wa Goma, wa Bujumbura, wa Nairobi au wa popote anayepanda gari kesho kwenda kurekodi raia wenye vita. Andika nani amekupeleka, gari la nani, na mkalimani kaletwa na nani, kisha mtazamaji wako aambiwe. Ukikatazwa kupita mlango fulani, upige picha mlango huo. Omba daftari. Usimuulize mtu kuhusu dhuluma mbele ya anayeweza kuwa mdhalimu, na kama huna namna ya kumpata faraghani, usiliweke jibu lake kwenye filamu kana kwamba ni la mtu huru. Pata jina la kila uliyempiga picha, ulihifadhi pasipofikiwa na wanaomwinda, na usilitoe bila ridhaa yake. Na ukishamaliza kuhariri, usifute vipande ulivyovikata. Viweke pamoja na tarehe na mahali, na mwachie nakala mtu mwingine unayemwamini. Siku moja mtu atataka kujua kilichokuwa nje ya picha yako, nawe huenda usiwepo wa kumjibu.